Droo ya Watoro

Wifi yangu, dada wa marehemu mume wangu, ametunza kadi za wagonjwa kwa miaka ishirini na sita katika zahanati ile ile, kwenye chumba chenye dirisha moja lisilofunguka. Katika ukoo wetu ndiye pekee ambaye hakusoma sana, na ndiye pekee ninayemwogopa.

Kadi ya mgonjwa wa presha asiyeonekana miezi miwili hushushwa droo ya chini, iliyobandikwa karatasi iliyoandikwa WATORO. Ikishuka huko, basi, imezikwa. Mwenyewe akijitokeza, muuguzi humpokea kwa kelele: "Haa, mtoro wetu huyo!" Foleni nzima hucheka. Wengi hawarudi tena.

Mwaka huu wifi alibandua karatasi ile, akaandika HATUJAWAFUATA. Mganga mkuu akamwita.

"Mama Kadi, kwa hiyo kosa ni letu?"

"Sijasema kosa, daktari. Nimesema kazi."

"Na nani atawafuata? Wewe, na magoti hayo?"

"Magoti haya yamefuata wanne tangu Jumatatu. Mmoja nimemkuta na mguu wa plasta. Mtoro gani huyo, alikimbia kwa magongo?"

Mganga alicheka, lakini akampa sharti: Ijumaa, kikaoni, alete mfano wa mtu mmoja aliyepotea kwa sababu ya droo hiyo. La sivyo, karatasi ya zamani irudi.

Alikuja kwangu jioni hiyo, akajitupa kitini bila kuvua viatu, akaweka mezani kadi ya kaka yake.

Watu wote nimewaambia kwamba mume wangu, mkaguzi wa shule, alifariki ghafla. Ukweli ni kwamba alisafiri kikazi wiki tisa, na aliporudi zahanati akaitwa mtoro mbele ya walimu aliowakagua. Alikuja nyumbani, akatundika koti, hakukanyaga tena pale. Nami nikawa namwita mzembe. Asubuhi na jioni, mzembe, mpaka presha ikamuua. Sikumuuliza hata siku moja kilichotokea.

"Wifi, unataka kumwanika kaka yako?"

"Nimechoka, wifi. Kadi hii niliishusha mimi, kwa mkono huu. Nilikuwa najua anakolala, na bado niliishusha. Nilisoma 'watoro', nikaona kazi yangu imekwisha."

Niliichukua kadi ile mezani.

"Hutaisema wewe," nikamwambia. "Nitaisema mimi, mkewe."

Ijumaa nilisimama kikaoni nikataja jina lake lote na cheo chake, kisha nikaeleza. Muuguzi aliinamisha kichwa. Mganga alipanga wahudumu wawili watoke kila Jumanne kuwafuata wagonjwa.

Kwenye droo mna kadi mia mbili na kumi. Jumanne ya kwanza walifikiwa watano, na wawili kati yao walikuwa wameshazikwa.