Saa Iliyosimama Saa Mbili

Bibi aliitoa saa ya mkononi ya babu kwenye mkebe wa majani ya chai, ikiwa imefungwa kwa kitambaa.

"Ilisimama saa mbili asubuhi, siku ya pili baada ya kumzika," alisema. "Hakuna aliyekumbuka kuitia ufunguo. Nilipokuja kuutia mimi, ikakataa."

Niliitazama. Mshale mfupi ulikuwa umelala kwenye mbili. Kama kweli ilisimama saa mbili asubuhi, ungekuwa kwenye nane. Nikajua kwamba bibi hajui kusoma saa, nikaona si heshima kumsahihisha.

"Nimechoka kuuliza watoto wa watu saa ngapi," akaendelea. "Hiyo simu yenu ya namba siielewi. Wewe umesoma, itengeneze. Lakini ukiiua, usije hapa na maneno ya chuo."

Nilikuwa nimerudi Karatu na shahada ya fizikia na tabia ya kubishia kila kitu. Mlinganyo wa springi nilikuwa nimeuandika kwenye mitihani hadi mkono ukauma, ila sikuwahi kuiona springi ikifanya kazi ndani ya kitu kidogo hivyo. Kwamba kipande cha chuma kilichokunjwa kinaweza kuhesabu siku nzima bila betri, nilikubali kwenye karatasi tu.

Fundi saa wa pale mjini, ambaye siku hizi anabadilisha betri na kuuza makava ya simu, alicheka nilipomweleza. "Msomi, hizi za ufunguo nilishaziacha, macho hayataki. Ila kaa nikuonyeshe."

Akanipa saa kuukuu ya kujifunzia kutoka kwenye droo yake. Kwa pupa yangu nikalegeza skrubu ya kwanza niliyoiona. Kitu kikalia trrr, gurudumu likaruka na kupotelea kwenye makava.

"Umemchinja akiwa macho!" fundi akapiga kelele. "Springi bado imejaa. Kwanza ipumzishe. Iache nguvu itoke polepole, ndipo uifungue."

Kwanza ipumzishe. Kwa wiki kadhaa nilifanya hilo tu: kupumzisha, kufungua, kufunga, nikiwa na bisibisi nyembamba kama sindano, madirisha yamefungwa kwa sababu ya vumbi, shuka jeupe limetandikwa sakafuni ili kinachoanguka kionekane. Mimi, ambaye sijawahi kumaliza hata kitabu nilichokianza kwa hiari yangu.

Nilipoifungua ya babu, nilikuta vumbi jekundu la Mbulumbulu, alikolima babu, limechanganyika na mafuta yaliyokauka, limekuwa kama gundi. Alikuwa amevaa shamba lake la ngano mkononi miaka yote ile. Nikasita kidogo kabla ya kulisafisha.

Nikaosha kila kipande kwa petroli, nikavirudisha kimoja kimoja, nikaitia ufunguo kidogo. Cha mwisho kilikuwa gurudumu dogo linaloyumba huku na huko, na springi yake nyembamba kama unywele. Kabla hata sijaikaza skrubu, likatikisika. Kisha likaanza kwenda lenyewe, kushoto, kulia, na springi ikipanuka na kusinyaa kama kifua cha ndege. Nikabana pumzi nisije nikalipeperusha. Nilitafuta ujanja uko wapi. Haukuwepo. Kila kitu kilikuwa wazi mbele yangu, nami bado sikuamini. Nilikaa nikilitazama hadi chai ikapoa na utando ukajitengeneza juu.

Nikaiweka sawa na saa ya simu, nikapanda bodaboda hadi kwa bibi.

Kwanza aliiweka sikioni, akafumba macho. Akatabasamu. Kisha akaitazama, akakunja uso.

"Umeiharibu."

"Bibi, si inatembea!"

"Inatembea kwenda wapi? Sasa hivi ni saa ngapi?"

"Saa kumi jioni."

"Haya, nionyeshe kumi."

Kidole changu kilikwenda kwenye nne, kikagandia hapo.

Bibi akavuta kitufe cha pembeni mwa saa kwa ukucha, akazungusha hadi mshale mfupi ukafika kwenye kumi. "Babu yako alikataa kutazama nne akatamka kumi. Alisema huko ni kujidanganya. Alinifundisha hivi, sijui namna nyingine."

Nimewabishia mapadri na wahadhiri. Lakini tangu darasa la kwanza nilitazama nne nikasema kumi, na sikuwahi kuuliza kwa nini. Mkulima wa ngano aliuliza, kisha akazungusha kitufe kwa vidole viwili, akarudi shambani. Na saa yake ilikuwa imesimama saa mbili, kama bibi alivyosema.

Jumapili nilimkuta mlangoni amevaa vizuri, saa inacheza kwenye mkono wake mwembamba. Aliitazama bila kumuuliza mtu.

"Saa tatu kasoro robo. Wewe mbishi, twende, tutakosa viti kanisani."

Nikachungulia. Mshale mfupi ulikuwa unakaribia tatu. Simu niliiacha mfukoni.