Belle wa Ghorofa ya Nne

Hoteli yetu ya Al Rigga, hapa Dubai, haikuwa na habari ya kuchapisha beji mpya. Anayeondoka anaiacha, anayeingia anaivaa, yalla, kazini. Ndivyo rafiki yangu wa Tanga, msafishaji wa ghorofa ya nne, alivyogeuka Belle. Mimi mpokea simu wa mapokezi nilivalishwa jina la Mfilipino aliyerudi kwao.

Mgeni mmoja Mkongo alituambia kwamba Belle, kwa Kifaransa, maana yake ni mrembo. Lo, Dubai na urembo! Saluni ya Al Baraha ni Belle, jengo la jirani Belle, sabuni ya vyumbani Belle, hata paka wa madam mmoja wa Oud Metha. "Ukoo wangu mkubwa," rafiki yangu alikuwa akisema, nasi tukicheka mpaka machozi. Nilikuwa mpweke, wallahi, sikuwa na mwingine wa kula naye. Miaka miwili sahani moja, na sikuwahi kumuuliza jina lake.

Kisha simu yake ikatumbukia kwenye ndoo ya deki. Wiki hiyo mama mmoja alipiga hotelini, akasikia Kiswahili changu, akashukuru Mungu. "Mwanangu, namtafuta binti yangu anafanya kazi hapo. Baba yake yu mahututi, anataka kuisikia sauti yake." Akataja majina yake matatu. Nikapekua orodha ya wafanyakazi, iliyoandikwa kwa majina ya beji.

"Hayupo hapa, mama."

Kesho yake akapiga tena. Mbele yangu foleni ya wageni, nami hasira zangu ziko puani siku zote. "Mama, si nimekwambia hayupo!" Nikakata.

Siku nne baadaye nilimkuta rafiki yangu kwenye chumba cha kubadilishia nguo, amekaa sakafuni, simu ya kuazima mkononi. Baba yake alikuwa ameshazikwa.

"Mama alipiga hapa mara mbili," akasema. "Akaambiwa sipo. Kwa Kiswahili."

Mapokezi hapakuwa na Mswahili mwingine. Alikuwa ameshajua, ananingoja niseme mwenyewe.

"Ni mimi," nikasema. "Nisamehe. Sikukujua."

Heri angenitukana. Alijifuta uso kwa mkono wa sare, akaiangalia beji yangu, kisha akaniangalia mimi.

"Mama yuko hewani," akasema. "Anauliza aliyemjibu alikuwa nani. Nimwambie unaitwa nani?"