Mjomba Niliyemwokota Wodini

Natumia dawa za VVU miaka mingi sasa na afya yangu ni nzuri. Ninachokosa ni ujasiri. Natoka Mgololo, naviruka vituo vyote vya afya vya karibu, nakwenda kuchukua dawa Iringa mjini, ambako nadhani hakuna anayenijua.

Safari hii, kwenye geti la hospitali, nikakutana uso kwa uso na Mama Tumaini, jirani yangu na mwalimu wa kwaya yetu.

"Baba Neema! Kulikoni huku?"

"Mjomba amelazwa," nikasema. Nilitamani sana kujua yeye kimemleta nini, ila niliogopa kuuliza.

Hapo kwenye mjomba ndipo nilipokosea. Kwetu ukisikia mtu ana mgonjwa, huwezi kupita bila kumwona.

"Basi twende nikampe pole," akasema, ndizi zake mkononi.

Nikamwongoza hadi wodi ya wanaume kama mwenyeji. Nikachagua mzee aliyelala fofofo. Mama Tumaini akapiga magoti, akamwombea sala ndefu. Nikaitikia amina, huku nawaza kopo langu la dawa lililo tupu.

Mzee akafumbua macho. "Ninyi ni akina nani?"

"Homa imempanda," nikanong'ona.

Kusema haki, Mama Tumaini hakunicheka. Alimwachia mzee ndizi, akanivuta mkono hadi nje.

"Baba Neema, mwache mjomba wa watu apumzike. Twende kabla dirisha la dawa halijafungwa, na mimi zangu sijachukua. Mimi ndiye yule mama anayejifunikaga kitenge usoni, mbele yako kwenye foleni ya dawa."