Wiki ya Musa na Haruni

Juzi nilifika Afungi, rafiki yangu, nikaishia kwenye uzio wa kompania ya gesi. Mlinzi, kijana mpole tu, akaniuliza natafuta nini. Ningemwambia nini? Kwamba natafuta baraza la bibi yangu? Nikamjibu napita tu.

Ng'ambo ya uzio ule, miaka ile gesi ilipoanza kusemwa, bibi alikuwa na mpangaji. Mzee wa Kiyahudi, mtaalamu wa miamba, aliyeletwa na kompania kabla kambi haijajengwa. Jamani, mtu yule alitushangaza! Pweza hali, kamba hali. Samaki lazima awe na magamba, na kazi ya kumpara changu ilikuwa yangu, mpaka magamba yananing'ang'ania nyweleni. "Maskini, hata pweza!" bibi alimhurumia utadhani kafiwa. Jumamosi hafanyi kazi wala hawashi moto, basi Ijumaa kabla jua halijatua bibi alimtelekea kunde, akakiacha chungu kwenye makaa yaliyofukiwa majivu. Asubuhi harufu imejaa uani.

Asubuhi hiyo alisoma Taurati yake barazani, kila wiki fungu lake, kisha akamsimulia bibi kwa Kireno, mjomba mdogo aliyesomea Pemba, ule mji wa huku kwetu, si kisiwa, akitafsiri. Ibrahimu, Yakubu, Yusufu, bibi aliwajua wote tangu chuoni, kwa mwalimu wa dini. "Ee, huyo wetu!" akadakia. Mimi kinywa wazi. Mtu katoka mbali kiasi kile, na kitabu chake kingine, na bado anawajua watu wa bibi!

Mwaka ule tukaambiwa kijiji kitahamishwa, na kutakuwa na mkutano na serikali na kompania. Nani atusemee? Tangu babu afe, msemaji wa kijiji alikuwa mjomba mkubwa. Sasa watu walimtaka mdogo, kwa Kireno chake. Mkubwa akanuna. Mdogo naye akaapa hatamtafsiria mtu aliyemnunia. Wakaacha kula sinia moja. Bibi alipakua mara mbili huku analia, maana alijua wakienda wamegawanyika, kila nyumba itaitwa peke yake na itakubali chochote.

Akamwomba mpangaji asome habari za ndugu waliopatana. Mzee akajibu hawezi kuchagua, kwa kuwa wiki hiyo Wayahudi dunia nzima wanasoma fungu lile lile. "Kama sisi na kibla," bibi akasema.

Jumamosi fungu likaangukia la Musa. Mvua inanyesha, mjomba mkubwa yuko pembeni katupa mgongo, anashona wavu. Musa anatumwa kwa Firauni, anakataa, ulimi wake mzito. Bibi anatikisa kichwa, anaijua. Kisha mpangaji akasoma maneno ambayo mjomba mdogo hakuyatafsiri.

"Kasemaje?" bibi akauliza. "Wewe, si nakuuliza? Kasemaje?"

"Mungu anamwambia Musa," mjomba akasema polepole, "kaka yako Haruni anakuja kukulaki. Akikuona atafurahi moyoni mwake."

Mpangaji akaongeza kwamba Haruni ndiye aliyekuwa mkubwa, na kwamba yeye kila mwaka akifika hapo husimama kidogo, kwa kuwa moyo kama ule hajaupata.

Mjomba mkubwa akaweka sindano chini. Akanawa mikono kwa maji yaliyokuwa yakitiririka kutoka paani.

"Mama, pakua," akasema. "Sinia moja."

Wallahi! Nilikuwa mtoto, lakini nilijua nimeona jambo kubwa.

Siku ya mkutano mjomba mkubwa alitangulia yeye mbele ya wakubwa wote. "Anasema mdogo wangu. Akisema yeye, nimesema mimi." Na mdogo alisema, jamani, alisema! Kuhama tulihama, lakini tulihama pamoja, jirani na jirani yake.

Baadaye vita vikatutawanya. Mpangaji alikwisharudi kwao, bibi hayupo, mjomba mkubwa tumemzika ugenini. Nawaona watu siku hizi wanavyogombea kusimama mbele, hata harusini, nami namkumbuka mjomba mkubwa alivyokuwa siku ile ya mkutano. Amekaa chini mchangani, anamtazama mdogo wake aliyesimama, anacheka, machozi yanamtoka, wala hayafuti.