Siku ya mlolongo nilimwacha Mama Chebet peke yake

Admin, nakuomba ufiche jina langu, maana huku Langas hata watoto wananijua. Mimi ni mjane wa miaka sitini na tisa. Watoto wangu wako mbali, wananipigia simu Jumapili, na siku zingine zote naongea na redio. Wengi wenu hamkuwa mmezaliwa wakati wa haya ninayoeleza, kwa hivyo msinikimbize.

Miaka ile ya chama kimoja, mkikusanyika bila leseni mlikuwa mnakamatwa. Hata matangani kulikuwa na mtu wa kusikiliza kinachosemwa. Lakini hakuna chifu aliyewahi kumwomba mtu leseni ya kupalilia mahindi, na hapo ndipo tulipopata akili. Tulikuwa wanawake kumi na wawili, nusu sisi Wakikuyu tuliohamia, nusu Wanandi wenyeji, tukipaliliana mashamba kwa zamu. Kila mstari wa mahindi ulishikwa na wawili, mmoja wa huku na mmoja wa kule, na huruhusiwi kutoka kabla mwenzako hajamaliza. Tukiwa tumeinama hivyo tulizungumza yote: nani anawachochea watu kwamba sisi wengine ni wageni turudi kwetu, na tutafanya nini siku wakisikilizwa. Tuliapa hakuna atakayemfukuza mwenzake.

Mwenzangu wa mstari alikuwa mwalimu wa nasari, nitamwita Mama Chebet. Alikuwa mpole, lakini huo ulimi! Nikichoka kidogo ananiambia, "Mama Wanjiku, hiyo jembe inalima ama inaomba?" Nilikuwa kiongozi wa wote, lakini kwake nilikuwa rafiki tu. Sijapata rafiki mwingine kama yule.

Ikaja kura ya mlolongo. Hakukuwa na karatasi wala sanduku. Ulisimama uwanjani nyuma ya picha ya mgombea wako, na kila mtu anakuona, chifu, jirani na mwajiri. Mtu wetu alikuwa mwalimu mstaafu aliyesema wazi kwamba shamba la mtu halina kabila. Tukakubaliana sote kumi na wawili tusimame nyuma yake tukiwa tumechanganyika, ili watu waone kwamba inawezekana. Waliokuwa na hofu niliwashawishi mimi. Niliwaambia, "Nyinyi nifuateni tu."

Siku moja kabla, chifu alipitia kwenye kibanda changu cha mboga. Akachukua nyanya, akaigeuzageuza. "Mama, hii biashara yako inaendelea vizuri," akasema. "Kesho tutaona umesimama wapi." Akairudisha nyanya, akaenda zake. Hakunitukana wala kunigusa. Laiti angenipiga, leo ningekuwa na cha kujitetea.

Asubuhi uwanjani nilimkuta Mama Chebet ameshasimama kwenye mstari wetu, nyuma ya wanaume watatu. Akanipungia mkono. Nikamtazama chifu, nikautazama mstari wa mtu wake ulivyokuwa mrefu, na nikaenda kwenye ule mrefu. Sikusukumwa na mtu. Na wale kumi, kwa kuwa niliwaambia wanifuate, walinifuata. Mama Chebet aligeuka, akatuangalia mmoja mmoja, kisha akatazama mbele. Hakutoka pale mpaka wakamaliza kuhesabu.

Wiki hiyo hiyo alifutwa kazi. Watu wake wakamwita msaliti, wakasema ametumwa na wageni, na sisi wageni wenyewe hatukufungua mdomo kumtetea. Akahamia Turbo kwa kaka yake. Sikwenda hata kumuaga. Mwaka uliofuata kila mwanamke alipalilia shamba lake peke yake, na nilikuwa nikimaliza mstari bila kusikia sauti ya mtu. Turbo si mbali. Miaka yote hii nimejiambia nitaenda wiki ijayo.

Mwaka huu vijana wa kikundi cha amani cha kanisa letu walikuja kuniuliza habari za zamani. Sebule ilijaa, chai ikanyweka, nikasikia raha ambayo sikuwa nimeisikia tangu mzee wangu afariki. Nikawasimulia ya palizi, ya mlolongo na ya Mama Chebet. Msichana mmoja akauliza, "Shosho, na wewe ulisimama kwa hiyo line fupi?" Nikasema nilisimama. Wakapiga makofi. "Shosho, wewe ni noma!" Tangu siku hiyo hawapiti bila kuingia kunisalimia. Jumamosi ijayo wameandaa sherehe ya kunitunuku mbele ya kanisa zima.

Kumbe yule msichana alienda Turbo kumtafuta Mama Chebet, ili aje anishtukize siku hiyo. Jana alikuja kwangu akashindwa kuficha. Anasema alimuuliza kama ni kweli nilisimama naye. Mama wa watu akamjibu, "Ndiyo. Alikuwa hapo nyuma yangu."

Tangu jana sijala. Sijui kama amenisamehe, ama ananingoja niseme mwenyewe. Nikisema ukweli, nitamfanya mwongo mbele ya watu, yeye ambaye hakumdanganya hata chifu. Na hawa vijana hawatarudi tena kwangu, nami nitabaki na redio yangu. Nikinyamaza, nitapokea makofi yaliyo haki yake, naye ameketi kando yangu. Najua kuna atakayeniambia yaliyopita si ndwele. Kwangu hayajapita, yanakuja Jumamosi.

Nimeamua angalau niende Turbo kabla ya siku hiyo. Nimeshapiga pasi nguo, na bado nimekaa kitandani tangu asubuhi. Nishaurini, wanangu. Mlango wake ukifunguliwa, nianze na neno gani?