Bibi Taratibu na Mpimaji wa Vituo

Asubuhi ya mwisho waliyoamka pamoja kama kawaida, mke wa fundi seremala alikaa kizingitini akifunga kamba za viatu. Fundi alikuwa amenuna, chai inapoa mbele yake.

"Unajipodoa kwenda kupima vituo vya basi?"

"Nimejipaka mafuta tu, mzee wangu. Ulitaka nitoke nimepauka?"

"Huyo Mpimaji wako ataona."

"Si ana macho? Aone." Akacheka, akabeba mfuko wake wa viazi, akaondoka akichechemea.

Mtaani walimwita Bibi Taratibu kwa ajili ya goti lake. Alishona sare za shule miaka na miaka, goti likachakaa kwa kukanyaga cherehani. Uzeeni goti hilo hilo likampatia kazi. Halmashauri ilitaka kujua kama wakazi wanayafikia mabasi bila taabu. Walitumwa vijana wenye miguu mirefu, wakarudi wakisema mambo safi. Mpimaji, mwanamume wa makamo mwenye shati la pasi kali, hakuridhika. Akatafuta mtu wa kutembea kutoka mlangoni hadi kituoni kama atembeavyo siku zote, na mzigo wake, bila kusaidiwa na mtu. Yeye angefuata nyuma na saa yake.

Kwa fundi hilo halikuingia akilini. Mwanamume anamfuata mke wa mtu mtaa kwa mtaa, halafu iitwe kazi! Na jioni nyumba nzima ni Mpimaji kasema hiki, Mpimaji kacheka vile. Fundi mwenyewe hakuwa mtu wa maneno. Hilo ndilo lililomuuma zaidi.

Wivu ulikuwa umeshamwumbua mara moja. Siku hiyo aliwafuata, akijibanza kwenye kuta kama mwizi wa kuku. Kwenye mtaro mkewe akasimama juu ya ubao wa kuvukia, anahema, mfuko unamwelemea. Mpimaji yuko nyuma, anaangalia tu. Fundi akasahau kwamba amejificha.

"We bwana! Humwoni mwenzio? Hata mkono huwezi kumpa?"

Akaupokonya mfuko, akamvusha mkewe.

Mpimaji akasimamisha saa. "Mzee, kipimo kimeharibika. Mama itabidi aanze tena mlangoni."

"Umefurahi sasa?" mkewe akafoka. "Ulitaka anishike, au ulitaka asinishike? Chagua moja!"

Lakini mkono wake hakuutoa kwenye wa fundi mpaka wakafika nyumbani.

Siku ile ya kufunga viatu kizingitini, mkewe alirudi mchana, akasema anajinyoosha kidogo. Hakuamka tena.

Msibani Mpimaji alikuja, akalia mbele za watu. Fundi, ambaye machozi yalikuwa yamemgomea, akamwonea wivu hata kwa hayo. Akamvuta pembeni.

"Nataka kitu kimoja. Mlikuwa mnaongea nini huko?"

"Saa ikishaanza, njiani ni kimya, mzee. Ndiyo kazi yenyewe. Tukifika kituoni namwambia, Mama, kaa kwenye benchi upumzike. Hakukubali hata siku moja. Jibu lake lilikuwa lile lile."

"Jibu gani?" Fundi akamsogelea. Maneno ya mkewe, na anayo mwanamume mwingine. "Niambie kama alivyosema."

Mpimaji akafuta uso.

"Alisema: 'Twende zetu, baba. Yule mzee wangu nikichelewa anaanza kugombana na redio.'"