Nilimkosoa mchumba wangu mbele ya watu wa kazi

Admin, nifichie jina, maana kwetu Nyamache maneno hayakawii kufika nyumbani. Mimi ni dada wa miaka 29, naishi Kiogoro, naandika programu za kompyuta. Mchumba wangu yuko Ogembo na kazi yetu ni moja. Sote tunajitolea kwenye mradi wa hifadhidata, yaani programu ya kutunzia taarifa, unaojengwa na watu wa nchi nyingi.

Mwezi uliopita alileta mabadiliko. Hifadhidata ikitaka kuunganisha majedwali mawili, hukisia kwanza ni mistari mingapi italingana, ndipo ichague njia ya kufanya kazi. Kila jedwali lina orodha ya maneno yanayojirudia sana ndani yake, na kukisia huko kulichelewa kwa sababu kila neno la orodha hii lililinganishwa na kila neno la ile. Yeye akabuni njia ya mkato. Ilienda mbio kweli, nikaona fahari mpaka machozi yakanitoka.

Nikapewa niikague. Nikagundua orodha zikiwa fupi, njia yake inachelewa kuliko ya zamani. Kwenye mradi wetu ukaguzi huandikwa wazi, kila mtu asome. Nikaandika vile nimezoea kuwaandikia wengine: "Hii haijapimwa vizuri. Irudishwe." Hata salamu sikuweka.

Alinipigia simu. "Umenivua nguo mbele ya dunia! Kwani Ogembo ni mbali? Ulishindwa kuniambia kando?"

Jumapili hiyo wazee wake walikuwa waje kwetu kujitambulisha. Hawakuja. Mama alikuwa ameshachinja kuku. Akaniuliza polepole, "Omwana one, mwanangu, kwani huna simu?" Nililia kama mtoto.

Baadaye alirekebisha, akaomba mkaguzi mwingine, naye akaipitisha. Jana nimeisoma kimyakimya. Shida ya orodha fupi imeisha, lakini kuna kosa baya zaidi. Pale ambapo herufi kubwa na ndogo zinatakiwa kuhesabiwa sawa, njia yake inaziona tofauti, na makisio yanapotoka kabisa. Safari hii nilimwandikia kando, kwa upole, kwamba nimeona kosa. Hakuuliza hata ni kosa gani. Alijibu: "Nikiona jina lako tena kwenye kazi yangu, usinijue."

Kesho kazi yake inaingizwa rasmi kwenye mradi. Nikinyamaza, kosa litaingia na jina lake juu yake, na siku moja atakosolewa na watu wasiompenda. Nikiandika pale wazi, nimempoteza. Na bado nampenda, jamani, nampenda sana. Nishaurini: angekuwa wako, ungeandika?